Bukavu: Rwabugiri, mwami aliyevuka Ziwa Kivu kwa vita na kufia majini

Wakaaji wa Nyawera, komini ya Ibanda, hawahitaji kutembea mbali ili waone Ziwa Kivu na vilima vya Rwanda ng'ambo. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, kabla mji wa Bukavu haujakuwepo, mitumbwi ya vita ilivuka maji hayo kutoka mashariki. Aliyeituma ni Kigeli IV Rwabugiri, mwami wa Rwanda, ambaye jina lake lingali linazusha mabishano pande zote mbili za ziwa.

Rwabugiri alikuwa mtoto wa mwami Mutara II Rwogera. Alitawala katika nusu ya pili ya karne ya 19, na karibu maisha yake yote aliyapitisha vitani. Hakukaa mahali pamoja: alihama na jeshi lake toka makao moja hadi mengine, yakiwemo ya Rubengera na Nyamasheke kando ya Ziwa Kivu. Alipigana Ndorwa na Nkore upande wa kaskazini na mashariki. Upande wa magharibi, macho yake yalikuwa kwa Idjwi na Bushi.

Ndani ya Rwanda kwenyewe alikuwa mkali. Aliwavunja nguvu machifu wa koo kubwa, wengine akawaua, na nafasi zao akawapa watu wake. Wakati wake kazi za lazima zilizidi kuwalemea wakulima. Vita hivyo vya kila mara vilibebwa na raia.

Kisiwa cha Idjwi kilikuwa na mwami wake, Kabego, wa Wahavu. Majeshi ya Rwabugiri yaliingia kwa mitumbwi, Kabego akauawa, na kisiwa kikawekwa chini ya Rwanda. Hapo ndipo alipopata ushindi mkubwa upande huu wa ziwa.

Bushi ilikuwa jambo lingine. Wanyarwanda waliita inchi hiyo Bunyabungo, na Rwabugiri aliishambulia mara nyingi. Lakini Bashi walijua vilima vyao, na jeshi lililotoka ng'ambo lilipaswa kuvuka maji wakati wa kuja na wakati wa kurudi. Kule Kanywiriri, jeshi la Rwanda lilishindwa vibaya na kupoteza watu wengi. Mwami alirudi tena na tena, bila kuifanya Bushi kuwa sehemu ya ufalme wake.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, tauni ya ng'ombe iliua mifugo kwa wingi katika eneo zima. Mwaka 1894 alifika Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, ambaye mwami alimpokea kabla hajaendelea hadi Ziwa Kivu. Ulaya ilikuwa imekwisha kugusa mlango.

Mwaka 1895, Rwabugiri alikuwa katika msafara mwingine wa vita dhidi ya Bushi alipougua. Alifariki ndani ya mtumbwi, juu ya ziwa lilelile alilolivuka mara nyingi.

Alichojenga kwa silaha hakikudumu. Idjwi ilirudia wafalme wake. Mwaka 1896 askari wa Kongo ya Leopold II, wenye bunduki, waliwashinda Wanyarwanda kule Shangi. Mwishoni mwa mwaka huohuo, mrithi wake Rutarindwa alipinduliwa na kufa kule Rucunshu, na kijana Musinga akawekwa kwenye kiti. Mipaka tunayoijua leo ilichorwa na wengine: mwaka 1910, kule Brussels, Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilikubaliana, na Idjwi ikabaki Kongo.

Leo, wakati wa vita, wapo wanaotaja misafara ya Rwabugiri kama cheti cha umiliki wa ardhi. Wengine wanayataja mateso ya wakati huo ili kumchukia kila jirani wa ng'ambo. Maisha yake hayawapi haki wote wawili. Kuvamia inchi si kuimiliki, na Bashi walilionyesha hilo kwa damu. Na mkulima wa Rwanda aliyelazimishwa kufanya kazi kwa ajili ya mwami hakuwa ndiye aliyeamua vita.