Jacques Becker: Mwongozaji aliyetuachia filamu ya kusikiliza

Msikilizaji wetu, filamu nyingi za uhalifu hutushika kwa milio ya risasi, magari yanayofukuzana na muziki wa kutisha. Leo tunamtazama Mfaransa aliyetushika kwa mlio wa chuma kikigonga zege.

Jacques Becker alizaliwa Paris, Septemba 15, 1906. Kazi aliijua akiwa msaidizi wa mwongozaji Jean Renoir miaka ya 1930. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikamatwa na Wajerumani, akakaa kambini kama mfungwa wa vita. Alipoachiwa alirudi Ufaransa na kuanza kuongoza filamu zake mwenyewe.

Mwaka 1954 alitoa Touchez pas au grisbi, akimtumia Jean Gabin kama jambazi aliyezeeka na kuichoka kazi. Humo tunawaona majambazi wakila, wakipiga mswaki na kwenda kulala kama watu wengine. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya Becker: kumtazama mtu kabla ya kosa lake.

Filamu yake ya mwisho ni Le Trou, yaani Shimo. Inatokana na jaribio la kweli la kutoroka gereza la La Santé, jijini Paris, mwaka 1947. Mmoja wa waliohusika, José Giovanni, aliliandikia riwaya. Becker hakuishia kwenye kitabu. Alimtafuta Jean Keraudy, mfungwa mwingine wa tukio hilo, akampa nafasi ya kuigiza.

Kisa ni hiki. Wafungwa wanne wana mpango wa kutoboa sakafu. Ghafla analetwa wa tano, kijana Gaspard. Wamwambie au wamfiche? Wakimficha, hakuna kazi itakayofanyika. Wakimwambia, maisha yao yako mikononi mwake.

Basi wanaanza kugonga. Kamera imetulia palepale sakafuni kwa dakika kadhaa, wanapokezana chuma, vipande vya zege vinaruka. Muziki hakuna mpaka hadithi iishe. Kila pigo linatufanya tujiulize kama askari jela amesikia. Kioo kidogo kilichofungwa kwenye mswaki kinakuwa jicho lao la kuchungulia nje ya mlango. Sisi watu wa redio tunajua sauti moja iliyowekwa mahali pake inavyoweza kumkalisha mtu kimya, na Becker alilijua hilo vizuri.

Kama Gaspard aliaminika au la, hatutakuharibia utamu.

Becker alifariki Februari 21, 1960, akiwa na umri wa miaka 53. Le Trou ilianza kuonyeshwa mwezi uliofuata, hivyo hakuwahi kuona watu wakiingia ukumbini kuitazama. Ukiipata, itazame usiku nyumba ikishatulia, na sauti usiipunguze.