Edward Steere na Malezi ya Makasisi wa Unguja, 1864–1882

Mwanafunzi wa isimu humkuta Edward Steere mapema katika masomo yake, kwa sababu kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 hakikwepeki katika historia ya Kiswahili sanifu. Mgeni anayefika Mkunazini, mjini Unguja, humkuta kwa njia nyingine: huoneshwa kanisa kuu alilolijenga mahali palipokuwa soko la watumwa. Makala haya yanamtazama kwa upande wa tatu, ambao nadhani ndio uliomchukulia saa nyingi zaidi za maisha yake, yaani kuwalea vijana wa Kiafrika ili wawe walimu na makasisi. Naona kwamba kazi yake ya lugha ilizaliwa na malezi hayo, wala si kinyume chake. Naona pia kwamba ndani ya malezi hayo mlikuwa na mgongano ambao yeye mwenyewe hakuutatua.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria na kuidhinishwa kuwa wakili mwaka 1850. Uwakili haukumkaa rohoni. Mwaka 1856 alipewa ushemasi katika Kanisa la Anglikana, akaenda kutumika Lincolnshire, kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, na huko akafanya urafiki na kasisi jirani yake, William George Tozer. Yasemwayo kuhusu ujana wake yanaweza kuishia hapo, isipokuwa jambo moja: mafunzo ya sheria yalimwachia tabia ya kupima ushahidi na kutoandika neno asilolithibitisha. Tabia hiyo tutaiona tena.

Misheni iliyomleta Afrika, ambayo ilijulikana kama Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ilitokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Mwanzo wake ulikuwa wa misiba. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki kwa homa mwaka 1862 katika bonde la mto Shire. Tozer aliteuliwa kushika nafasi yake, na Steere akakubali kufuatana naye. Mwaka 1863 walipanda mlima Morambala, wakakaa huko miezi kadhaa katika baridi na ukungu, kisha Tozer akaamua kwamba misheni ihamie Unguja. Livingstone alichukizwa sana na uamuzi huo, akiuona kuwa ni kukimbia. Hata hivyo, kwa mtu anayechunguza historia ya Kiswahili, kuhama huko ni tukio kubwa. Lau misheni ingebaki Shire, yumkini Steere angekuwa mwandishi wa sarufi ya lugha nyingine kabisa.

Walifika Unguja mwaka 1864, na muda si muda Sultani Majid bin Said alimkabidhi Tozer wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alipewa jina la John Swedi. Hao watano ndio waliokuwa chanzo cha shule ambayo baadaye ilikaa Kiungani, kusini mwa mji.

Inafaa kutua hapa kidogo. Wavulana hao hawakuomba kusoma, wala hakuna mzazi aliyewapeleka shuleni. Walitoka utumwani wakakabidhiwa, na waliowapokea waliwapa chakula, mavazi, majina na dini. Hawakuwa na ukoo wa kuurudia, na wengi wa wenzao waliofuata walitoka mbali, katika nchi za Wayao na za Ziwa Nyasa. Misheni ikawa ndiyo mjomba na shangazi wao. Kwa hiyo tunaposema kwamba Steere aliwalea makasisi, neno kulea lichukuliwe kwa maana yake ya nyumbani, pamoja na mamlaka yote aliyonayo mlezi juu ya mtoto asiye na pengine pa kwenda.

Swali la lugha lilijitokeza siku ya kwanza. Steere hakujua Kiswahili. Wavulana nao hawakukijua vizuri, kwani kwao hakikuwa lugha ya mama, walikuwa wakijifunza kama yeye. Maandishi yaliyokuwapo yalikuwa yale ya Johann Ludwig Krapf, aliyechapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850, lakini Krapf alikuwa ameegemea Kimvita, lahaja ya Mombasa. Steere aliona kwamba mwalimu hawezi kuwafundisha watoto wa Unguja kwa lahaja ambayo hawaisikii sokoni wala barazani. Ndipo alipoanza kuwaendea wenyeji wenyewe. Katika dibaji za vitabu vyake aliwataja waliomsaidia, miongoni mwao Hamis wa Kayi, kijana aliyekuwa mwepesi wa kutambua mgeni anataka kujua nini, na Sheikh Mohammed bin Ali, aliyesifika kwa ujuzi wake wa lugha.

Watu hao walikuwa Waislamu, na walijua fika kwamba Mwingereza huyu alikuwa akijifunza lugha yao ili ahubiri dini isiyokuwa yao. Walimfundisha hata hivyo. Historia zilizoandikwa na marafiki wa misheni huwapitia haraka, nasi wanaisimu hatujafanya vizuri zaidi: twasema sarufi ya Steere, kana kwamba ujuzi uliomo ulishuka na meli kutoka London. Naye Steere hakufanikiwa kuwavuta Waislamu wa Unguja wengi waingie kanisani, ingawa alijadiliana nao hadharani na kwa adabu. Heshima waliyompa ilikuwa ya msomi kwa msomi.

Alichokusanya hakikukaa daftarini. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na vijana wa shule ndio waliozipanga herufi na kuziendesha kurasa. Kila jedwali la viambishi lilitumika darasani kabla ya kwenda kokote, na makosa yake yaligunduliwa na wanafunzi wenyewe walipokuwa wakilipanga kwa mikono. Mwaka 1867 alichapisha Unguja mkusanyiko wake wa lugha ya Kishambala, kwa kuwa misheni ilikuwa imeanza kutazama Usambara. Baadaye aliandika pia juu ya Kiyao na Kinyamwezi. Ukiziangalia lugha hizo utaona ramani ya nchi alizotarajia kuwapeleka wanafunzi wake. Hakuzichagua kwa udadisi wa kisomi tu.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza akiwa na mizigo ya miswada. Injili ya Mathayo ilichapwa mwaka 1869, na mwaka uliofuata vikatoka London vitabu viwili kwa pamoja: kile cha sarufi na kile cha hadithi za Waswahili, ambamo mna visa vya Sultani Darai, Mwalimu Goso na Punda wa Dobi, pamoja na habari za Liyongo. Hadithi hizo alizichukua kama zilivyosimuliwa, bila ya kuzigeuza ziwe mahubiri, na hapo ndipo ninapomwona yule wakili. Katika tahajia alifuata kanuni nyepesi: konsonanti zisomwe takriban kama za Kiingereza, na irabu kama za Kitaliano. Kanuni hiyo ndiyo tunayoiandika hadi leo. Haikuwa bila dosari. Sauti mbili tunazozitenga kwa th na dh yeye aliziandika kwa th, hata neno dhahabu likawa thahabu.

Tozer aliugua, na mwaka 1872 Steere alirejea kushika kazi. Mwaka huohuo kimbunga kiliipiga Unguja na kuharibu majengo na mashamba. Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Misheni ilipata kiwanja cha soko hilo, na siku ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Ujenzi huo umesimuliwa mara nyingi, nami siurudii. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879.

Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu katika Westminster Abbey. Sasa alikuwa na mamlaka ya kutenda aliyoyaamini, na imani yake ilikuwa wazi: Mzungu hawezi kuwa mhubiri wa Afrika ya ndani kwa muda mrefu. Homa ingemuua, lugha ingemshinda, na hata asingekufa wala kushindwa, angebaki mgeni. Kazi ya mgeni ni kuandaa makasisi wenyeji, kuwapa vitabu katika lugha wanayoimudu, kisha kuwapisha. Tena alipinga kuwafanya Waafrika wawe Waingereza wa bandia. Msimamo huu ulikuwa adimu miongoni mwa watu wa zama zake.

Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka pwani ya Lindi hadi Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao. Mwaka 1876 aliondoka tena na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa ni kuwarudisha karibu na kwao, na wakatua Masasi, ambako kijiji cha Kikristo kilianzishwa. Walioshikilia kijiji hicho katika maisha ya kila siku walikuwa vijana waliotoka Kiungani, ambao sasa walikuwa wakifundisha kwa Kiswahili watu ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili au ya tatu. Wasichana nao walikuwa wakisoma Mbweni, na wengi wao waliolewa na walimu hao.

Na hapa ndipo penye mgongano nilioutaja. Tozer alikuwa amempa John Swedi ushemasi mdogo mwaka 1870. Steere alimpa ushemasi kamili mwaka 1879, miaka kumi na mitano baada ya kupokewa. Katika miaka minane ya uaskofu wa Steere, Mwafrika tunayemwona akipanda daraja hilo ni huyo mmoja, na hakuna aliyefikia ukasisi. Mtu anaweza kujibu kwamba vijana walikuwa wachache na vitabu havijakamilika, na kwamba askofu aliyesoma sheria hakupenda haraka. Majibu hayo yana uzito. Lakini wamisionari Wazungu walikuwa wakifika na kufa, na vituo vikikosa makasisi, na walimu wa Kiafrika wakiviendesha bila ya daraja. Mlezi aliyesadiki kwamba watoto wake wangemrithi alichelewa kusadiki kwamba wamekua. Sioni kwamba alikuwa mnafiki. Naona kwamba ule uhusiano wa mwanzo, wa mtoto aliyekabidhiwa, haukumtoka machoni.

Kuna jambo la kimsamiati ambalo halijatiliwa maanani ya kutosha. Majina ya madaraka hayo yenyewe, shemasi, kasisi na askofu, pamoja na kanisa na msalaba, yote yana asili ya Kiarabu. Kijana wa Kiyao aliyepewa daraja Unguja aliitwa kwa jina lililopitia lugha ya masheikh, akavaa wadhifa uliotoka Uingereza, akatumwa kuhubiri katika nchi ya mama yake kwa lugha ya pwani. Kama alihesabiwa mwenyeji, tuulize mwenyeji wa wapi. Waliomsikiliza Masasi bila shaka waliuliza.

Steere alifariki Unguja Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika kanisa alilolijenga, nyuma ya altare. Agano Jipya alikuwa amelitafsiri. Biblia nzima ilitimia takriban miaka kumi baadaye. Lahaja aliyoichagua kwa ajili ya darasa la Kiungani iliteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Miongoni mwa vijana waliosoma Kiungani katika zama zake alikuwamo Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani. Baada ya kusoma kwa muda Canterbury, alipewa ushemasi mwaka 1886 na akatumwa Chitangali, katika nchi ya Wayao. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimpa ukasisi, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kulipata daraja hilo. John Swedi, aliyetoka jahazini miaka ishirini na sita kabla ya hapo, alikuwa bado shemasi.