Mbaraka Mwinshehe: Fundi wa gitaa aliyetutoka na miaka 34

Kabla kompyuta haijaanza kutengeneza wimbo mzima studio, Tanzania ilikuwa na mtu aliyeinua ukumbi kwa gitaa lake: Mbaraka Mwinshehe.

Alizaliwa mwaka 1944. Katikati ya miaka ya 1960 akajiunga na Morogoro Jazz, na solo lake likawa ndiyo utambulisho wa bendi. Mashabiki wakambatiza Soloist National. Mwaka 1970 bendi ikafika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano.

Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Miaka 34 tu!

Sasa tuulizane: hapa Babati, vijana wangapi wanaorekodi leo wanajua kupiga gitaa? Biti inapakuliwa, sauti inaingizwa, kazi imeisha. Si kosa, zama zimebadilika. Ila sikiliza “Shida” kwa makini. Mbaraka akimaliza kuimba, gitaa linapokea na kuendelea na stori. Hilo halipakuliwi, ni mazoezi.

Kama nyumbani kuna gitaa limetundikwa ukutani, lishushe leo.