Alisema ameona theluji karibu na Taveta, London wakamcheka

Ukiwa Taveta asubuhi isiyo na mawingu, huhitaji kulipa kiingilio ili uuone Mlima Kilimanjaro. Uko pale tu, kama jirani anayechungulia uani kwako kutoka upande wa Tanzania. Wengi wameuzoea. Unapiga picha, unairusha kwa marafiki, basi. Lakini je, ulijua kuna mtu aliyechekwa miaka na mikaka kwa kusema tu kwamba kule juu kuna theluji?

Jina lake ni Johannes Rebmann. Huenda ulikutana naye kwenye somo la historia, akitajwa mstari mmoja pamoja na mwenzake Ludwig Krapf, ukamkariri kwa ajili ya mtihani kisha ukamsahau. Leo hebu tumtazame vizuri, kwa sababu kisa chake kinagusa jambo tunalobishania kila siku: hali ya hewa inapobadilika, tumwamini nani? Aliyefika akaona, au aliyekaa kitini akakataa?

Kijana wa Gerlingen

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820, katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani. Alisomea umishonari Basel, Uswisi, akaendelea Uingereza, kisha shirika la CMS la Kanisa la Anglikana likamtuma Afrika Mashariki. Alifika Mombasa Juni 1846 akiwa na miaka 26. Hebu fikiria, huo ni umri wa mtu aliyemaliza chuo juzi tu na bado anazungusha barua za kuomba kazi.

Krapf alikuwa ametangulia, na tayari alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake Mombasa mwaka wa 1844. Wawili hao wakapanda hadi Rabai, kwenye vilima vya Wamijikenda, wakaanzisha kituo chao Agosti 1846. Homa iliwaandama tangu mwanzo.

Kazi iliyomleta ilikuwa kuhubiri, na kwa upande huo hakuvuna sana. Waliobatizwa miaka hiyo ya mwanzo walikuwa wa kuhesabika. Lakini Rebmann alikuwa na kipaji kingine: alijua kusikiliza. Misafara ya biashara ilikuwa ikitoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu, na waliorudi walikuwa na habari za mlima mrefu kupindukia huko Uchaga. Akataka kuuona mwenyewe.

Mwavuli badala ya bunduki

Oktoba 1847 alifanya safari yake ya kwanza ya bara, hadi Kasigau huko Taita. Halafu Aprili 27, 1848, akaondoka tena, safari hii akielekea Uchaga. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia hiyo kama kiganja chake, pamoja na wapagazi wachache. Rebmann anakumbukwa kwa kutembea na mwavuli badala ya bunduki.

Siku hizi unapanda gari Mombasa asubuhi, unapita Voi, Mwatate na Bura, na jioni uko Taveta unakula ndizi. Wao walitembea wiki mbili. Walivuka Taru pasipo maji, wakapita vilima vya Taita, wakafika Bura, kisha wakaingia nyika pana yenye wanyama wakali kuelekea Mto Lumi, mto ule ule unaopita Taveta hadi leo.

Asubuhi ya Mei 11, 1848, wakiwa kwenye nyika hiyo, Rebmann aliona kitu cheupe kinang'aa juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamuuliza Kheri kile ni nini. Kheri hakuwa na neno la theluji, maana pwani theluji ni ya nini? Akakiita baridi. Basi. Na mtu aliyekulia Ujerumani hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Wachaga nao walikuwa na jina lao, Kibo, na walijua kwamba ukitia kile kitu cheupe kwenye chombo na kukishusha chini, unabaki na maji. Kulikuwa pia na simulizi ya mangi wa Machame wa zamani aliyetuma watu wapande wakakilete, na jinsi baridi ilivyowamaliza huko juu, aliyerudi akirudi na mikono na miguu iliyoharibika. Kwa hivyo tuseme ukweli: Rebmann hakugundua kitu. Wenyeji walijua zamani. Alichofanya yeye ni kuwauliza, kuangalia kwa macho yake, na kuandika.

Bwana mkubwa wa London

Ripoti yake ilichapishwa London mwaka wa 1849 katika jarida la CMS. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Kulikuwa na mwanajiografia aliyeitwa William Desborough Cooley, bingwa wa habari za Afrika. Alikuwa amesoma vitabu vyote, amechambua ramani za kale, ameandika kurasa kwa kurasa. Kitu kimoja tu: alikuwa hajawahi kukanyaga bara hilo.

Kwa Cooley, theluji karibu na ikweta ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Ikweta ni joto, theluji ni baridi, hesabu imeisha. Alisema mmishonari huyo alidanganywa na macho yake. Hata Krapf alipouona mlima huo Novemba 1849, na mwezi uliofuata akauona Mlima Kenya ukiwa na theluji pia, bwana huyo hakutikisika. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na jina, wengi walimsikiliza.

Kosa la Cooley lilikuwa wapi? Hakuwa mjinga. Alisahau kwamba kadiri unavyopanda juu, ndivyo hewa inavyozidi kupoa. Kilimanjaro una mita 5,895. Kwa urefu huo baridi hugandisha maji, hata kama chini Taveta watu wanatafuta kivuli.

Rebmann alirudi Uchaga mara mbili zaidi. Ya mwisho, Aprili 1849, ilimwendea vibaya. Alitaka kupita Uchaga hadi Unyamwezi, lakini Mamkinga, mangi wa Machame, alimmaliza bidhaa zake zote kwa jina la zawadi. Akageuka mgonjwa, mikono mitupu, mvua ikimnyeshea njia nzima. Hakufika Uchaga tena.

Hakukaa kimya, lakini pia hakuhama kituo chake kwenda kugombana London. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt walizidi kuwahoji wafanyabiashara, wakachora ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika Mashariki. Umbo lake lilikuwa na makosa, kwa sababu maziwa kadhaa yaliunganishwa yakawa moja. Hata hivyo, ndiyo ramani iliyochangia kuwafanya wakubwa wa London kuwatuma Burton na Speke kutafuta maziwa hayo mwaka wa 1857.

Uthibitisho ulikuja polepole. Mwaka wa 1861 Baroni Carl Claus von der Decken alifika Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza. Mwaka uliofuata akarudi na Otto Kersten, wakapanda kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Hesabu mwenyewe: ilikuwa miaka 13 tangu ripoti ichapishwe.

Miaka 29

Kilichompata Rebmann baada ya hapo hakisimuliwi sana. Mkewe Emma, aliyemwoa mwaka wa 1851, alifariki mwaka wa 1866. Mtoto wao alikuwa amekufa akiwa mchanga. Krapf alisharudi Ulaya zamani. Rebmann akabaki Rabai, akitunga kamusi. Ile ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa aliikusanya kwa msaada wa Salimini, mtu aliyetekwa huko na kuletwa pwani kama mtumwa. Pia alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili.

Macho yake, yale yale yaliyotiliwa shaka London, yakaanza kuzimika. Alipoondoka mwaka wa 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, alikuwa karibu kipofu kabisa. Alifariki Oktoba 4, 1876, huko Korntal, Ujerumani, karibu na rafiki yake Krapf. Ukienda Rabai leo, nyumba aliyoishi bado ipo.

Barafu inayoondoka

Sasa njoo kwako. Barafu iliyompatia Rebmann matatizo inaisha. Ramani ya mwaka wa 1912 ilionyesha barafu ya Kilimanjaro ikifunika takriban kilomita 12 za mraba. Mwaka wa 2007 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 2 za mraba. Yaani asilimia 85 imeenda. UNESCO ilionya mwaka wa 2022 kwamba barafu za milima iliyo kwenye orodha yake ya turathi barani Afrika, Kilimanjaro ikiwemo, huenda zikatoweka kabisa kufikia 2050. Ikiwa una miaka 20 leo, hutakuwa umezeeka.

Inaondokaje? Si kuyeyuka tu. Tangu mwisho wa karne ya 19, hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi imepungua kule juu, theluji mpya ikawa haba, na jua kali likawa linageuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Juu ya hayo, dunia nzima inapata joto. Na usidanganyike kwamba chemchemi za Taveta zinategemea barafu hiyo. Maji ya Njoro, Lumi na Ziwa Chala yanatokana hasa na mvua inayonyesha kwenye msitu unaozunguka mlima na kuzama ardhini. Barafu ni kama kipimajoto. Msitu ndio tangi.

Utaniuliza, basi kuna la kufanya? Lipo, na mfano tunao. Mwaka wa 1985, watafiti wa Uingereza waliokuwa wakipima hewa kutoka kituo cha Halley, huko Antaktika, walitangaza kwamba tabaka la ozoni juu ya ncha ya kusini linapungua vibaya kila mwezi wa Oktoba. Tabaka hilo ndilo linalotukinga na miale hatari ya jua. Namba zilikuwa za kushangaza, kiasi kwamba hata mitambo ya satelaiti ya Marekani ilikuwa imeziwekea alama ya shaka. Ni Cooley tena, mara hii akiwa ndani ya kompyuta.

Lakini safari hii dunia haikungoja miaka 13. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao Gigiri, Nairobi, chini ya Mmisri Mostafa Tolba, lilizileta serikali mezani, na Septemba 16, 1987, Mkataba wa Montreal ukatiwa saini. Gesi za CFC, zilizokuwa kwenye friji na makopo ya kupulizia, zikaanza kuondolewa. Tundu la ozoni silo lililokausha Kilimanjaro, usichanganye mambo. Lilivuruga pepo za kusini ya dunia na mvua zake. Ila gesi hizo pia hunasa joto vikali, kwa hivyo kuzipiga marufuku kuliipunguzia dunia joto, na ozoni sasa inapona taratibu.

Kwa hivyo ukisikia mtu aliyeketi mbali anakwambia hakuna kinachobadilika, mkumbuke Cooley. Muulize mzee wa Taveta alivyouona mlima alipokuwa kijana. Muulize mkulima mvua za vuli zinaingia lini siku hizi. Na hiyo simu mfukoni mwako, itumie vizuri: piga picha ya Kibo kutoka mahali pale pale kila mwezi, andika tarehe, hifadhi. Rebmann alikuwa na kalamu tu, na hatimaye London ilibidi wamwamini.