Jenerali na Binti Yake Anne

Watoto, mto wetu Lualaba ukiondoka hapa Malemba-Nkulu huenda mbali sana. Huko mbele huitwa mto Kongo, nao hupita katikati ya Kinshasa na Brazzaville. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1944 alifika Brazzaville mtu mrefu sana, jenerali aliyewaongoza Wafaransa katika vita ya kuikomboa nchi yao. Jina lake Charles de Gaulle. Watu wengi walimwogopa, kwa maana hakuwa mtu wa kuchekacheka. Lakini nyumbani kwake alikuwako mmoja asiyemwogopa hata kidogo: binti yake Anne.

Anne alizaliwa tarehe 1 Januari 1928 katika mji wa Trier, Ujerumani, ambako baba yake alikuwa mkubwa wa kikosi cha askari. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Hakukua kama kaka yake na dada yake. Kutembea kulikuwa kwa shida, kusema pia kulikuwa kwa shida. Hali yake huitwa sindromu ya Down. Zamani zile waganga hawakujua sababu yake. Mwaka 1959 waganga wa Ufaransa walieleza kwamba mtu wa namna hiyo huzaliwa na kromosomu moja zaidi, kitu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Basi si uchawi, si laana, wala si kosa la mama.

Siku zile wakubwa wengi waliwaficha watoto kama Anne, au waliwapeleka mbali walelewe na wengine. De Gaulle na mkewe Yvonne walikataa. Kila walikohamia, Anne alikwenda nao. Mwaka 1934 walinunua nyumba katika kijiji cha Colombey, ili mtoto akae mahali pa utulivu. Hapo jenerali aliacha ukali wake mlangoni. Alimpakata Anne, akamwimbia, akamsimulia hadithi, mpaka mtoto akacheka.

Mwaka 1945 Mama Yvonne alinunua nyumba kubwa karibu na Paris, wapate kutunzwa humo wasichana wenye ulemavu. Kazi hiyo ikapewa jina la Anne.

Tarehe 6 Februari 1948 Anne alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa na miaka 20. Wazazi wake walimlilia sana, wakamzika makaburini pa kijiji.

Baadaye de Gaulle alikuwa Rais wa Ufaransa, toka mwaka 1959 mpaka 1969. Angeweza kuzikwa Paris kwa fahari kubwa. Lakini tangu mwaka 1952 alikuwa ameandika kwamba azikwe Colombey, pale alipolala binti yake. Alikufa tarehe 9 Novemba 1970, na neno lake lilifuatwa. Mama Yvonne naye alizikwa hapo mwaka 1979.

Maulizo
1. Kwa nini wazazi wa Anne walinunua nyumba kijijini?
2. De Gaulle alitaka azikwe wapi? Kwa nini?
3. Je, kijijini kwenu yuko mtoto asiyeitwa kucheza na wenzake? Mtamfanyia nini?