Yang Chengfu: Mrithi wa ngumi aliyeifanya taichi kuwa mali ya umma

KILA alfajiri, kabla magari hayajajaa barabarani, bustani za miji ya China hufurika watu wanaoinua na kushusha mikono taratibu, miguu ikitambaa kwa hadhari, nyuso zimetulia kama za watu wanaosikiliza jambo la mbali. Mpita njia asiyefahamu hudhani ni ngoma, au ni ibada ya namna fulani. Hiyo ndiyo taichi. Na jinsi inavyochezwa na wengi wao, kwa mwendo mmoja usiokatika, miondoko mipana na mwili uliolegezwa, ni urithi wa mtu mmoja, Yang Chengfu, aliyefariki dunia mjini Shanghai mwaka 1936.

Ajabu ya maisha ya mtu huyo ni kwamba alizaliwa katika ukoo wa wapiganaji, akailegeza silaha ya ukoo huo hadi ikaonekana kama mazoezi ya wagonjwa, lakini hadi mwisho wa uhai wake hakukubali kwamba kilichobaki si upiganaji. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Wapo wanaosema taichi halisi ni ile ya kumwangusha adui, na wapo wanaosema ni ile ya kumwinua mgonjwa. Wote huishia kumtaja yeye kuwa shahidi wao.

Chengfu alizaliwa Beijing mwaka 1883, akiwa mtoto wa Yang Jianhou na mjukuu wa Yang Luchan. Babu huyo, aliyeishi kati ya mwaka 1799 na 1872, alikuwa mtu wa Yongnian katika mkoa wa Hebei, asiye na mali wala cheo. Akiwa kijana alisafiri hadi kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, ambako watu wa ukoo wa Chen walikuwa wakirithishana namna yao ya kupigana, wakiichunga isitoke nje. Huko akawa mwanafunzi wa Chen Changxing.

Masimulizi yanadai kwamba mwanzoni Luchan alichungulia mafunzo usiku kupitia upenyo wa ukuta, akafanya mazoezi kwa siri, na alipogunduliwa mwalimu akastaajabia kipaji chake badala ya kumwadhibu. Hadithi za aina hii husimuliwa juu ya karibu kila bingwa wa kale wa China, na msomaji anaruhusiwa kuitilia shaka. Lililo bayana ni kwamba alitoka kijijini hapo na elimu kamili, akaingia Beijing, na akawafundisha watu wa tabaka la juu la nasaba ya Qing.

Wanawe wawili waliofuata nyayo zake walikuwa na tabia tofauti kabisa. Banhou, mkubwa, alikuwa mkali, mwepesi wa kupiga. Jianhou alikuwa mpole zaidi, na wanafunzi walimkimbilia. Tofauti hiyo ilijirudia katika kizazi cha tatu. Mtoto wa kwanza wa Jianhou, Shaohou, aliyezaliwa mwaka 1862, alichukua ukali wa baba yake mkubwa. Alifundisha kwa kupiga, miondoko yake ilikuwa mifupi na ya haraka, na wanafunzi waliovumilia walikuwa wachache. Chengfu, mdogo wake kwa miaka zaidi ya 20, alikuwa na mwili mkubwa na subira ya baba.

Inasimuliwa kwamba ujana wake haukuwa wa bidii. Alijua kwamba jina la ukoo lilikuwa mtaji tosha, akafanya mazoezi kwa ulegevu, na ni baada ya baba yake kufariki mwaka 1917 ndipo alipojifungia na kuanza kuitafuta kwa jasho elimu aliyokuwa ameikalia miaka yote hiyo. Ikiwa ni kweli, basi bingwa mkubwa kuliko wote wa karne ya 20 alianza kujifunza kwa dhati akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30.

Wakati huo China ilikuwa imebadilika. Utawala wa wafalme ulianguka mwaka 1912 na jamhuri ikatangazwa. Nchi ilikuwa imeshindwa vita baada ya vita na mataifa ya kigeni, kasumba ilikuwa imewamaliza wanaume wengi, na Wachina wenyewe walikuwa wakisikia taifa lao likiitwa mgonjwa wa Asia ya Mashariki. Wasomi wakaanza kuamini kwamba udhaifu wa nchi ulianzia katika udhaifu wa miili ya raia. Mwaka huo huo wa 1912 mwanafunzi mmoja wa ukoo wa Yang, Xu Yusheng, alishiriki kuanzisha mjini Beijing taasisi ya utafiti wa elimu ya viungo, na ndugu wawili wa ukoo wa Yang wakaalikwa kufundisha humo.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Elimu iliyokuwa ikitolewa ndani ya kuta za nyumba za wakubwa, kwa mwanafunzi aliyepiga magoti mbele ya mwalimu, sasa ilifundishwa darasani kwa yeyote aliyejiandikisha. Chengfu akaona upesi kwamba mfanyakazi wa ofisini, mwalimu wa shule au mfanyabiashara mwenye kifua kibovu hawezi kurukaruka, kukanyaga chini kwa kishindo wala kutupa ngumi za ghafla. Polepole akaiondoa miruko, akailainisha miondoko ya nguvu, akafanya mwendo uwe sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo ilikuwa imeanzwa na baba yake na babu yake, yeye akaikamilisha.

Je, alipoondoa vishindo hivyo, aliondoa pia kiini? Ili kulijibu swali hilo ni lazima kuelewa taichi inavyofanya kazi, maana wengi huiona mikono tu.

Mwanafunzi wake msomi, Chen Weiming, aliandika kutokana na imla ya mwalimu kanuni kumi ambazo hadi sasa ndizo msingi wa mtindo wa Yang, na kuzichapisha mwaka 1925. Hakuna hata moja inayohusu ngumi. Zinahusu kichwa kuwa wima bila shingo kukaza, kifua kutulia, mabega na viwiko kushuka, na kiuno kulegea, kwa kuwa kiuno ndicho kinachoamuru viungo vyote. Kanuni inayowasumbua wanafunzi wengi ni ile ya kutofautisha kilichojaa na kilicho tupu. Uzito wa mwili unapokuwa mguu wa kulia, mguu wa kushoto uwe mwepesi kabisa, uweze kuinuliwa bila kujiandaa. Anayesimama na uzito nusu kwa nusu ni mzito wa kugeuka, na mpinzani humsukuma kwa urahisi.

Iko pia kanuni ya kutumia nia badala ya nguvu za misuli. Hapa ndipo wapenda miujiza hupotea njia, wakidhani kwamba bingwa humwangusha mtu bila kumgusa. Kilichokusudiwa ni cha kawaida zaidi na kigumu zaidi. Msuli uliokazwa hauhisi wala haugeuki upesi. Aliyelegea huisikia nguvu ya mwenzake inapoanza tu, huipisha ipite, kisha husukuma wakati huo mpinzani akiwa tayari ameupoteza mizania wake.

Hayo hujifunzwa katika zoezi la kusukumana mikono. Watu wawili husimama wakitazamana, mikono ikigusana, wakizunguka polepole huku kila mmoja akitafuta mahali ambapo mwenzake amekaza. Anayeshindana kwa ubavu huanguka kwanza. Wanafunzi waliogusana mikono na Yang Chengfu walisimulia kwamba mikono yake ilikuwa laini kama pamba iliyoficha chuma, na kwamba walijikuta wametupwa mbali pasipo kujua wamesukumwa saa ngapi. Watu humsifu mwalimu wao kupita kiasi, hilo linafahamika. Hata hivyo, mashahidi ni wengi, na baadhi yao walikuwa wapiganaji wazoefu kabla hawajakutana naye.

Kwa hiyo ule mwendo wa taratibu si ulegevu wa wazee. Ni namna ya kujichunguza. Anayefanya haraka huweza kuficha kosa lake ndani ya kasi. Anayetembea kama konokono hana pa kulificha.

Mwaka 1928 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Beijing kwenda Nanjing, na wakufunzi wengi wakafuata mkondo huo wa kusini. Yang Chengfu alikuwa miongoni mwao. Alifundisha Nanjing, Shanghai na Hangzhou, na baadaye akaenda hadi Guangzhou. Shanghai, mji wa benki, viwanda na majengo ya ghorofa, ndio uliompa umaarufu wa kitaifa. Chen Weiming alikuwa amemtangulia huko na kufungua chama cha taichi mwaka 1925, na wanafunzi walikuwa wakingoja kumwona mwalimu wa mwalimu wao.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kalamu. Kitabu cha mwaka 1931 kilichobeba jina lake, kilichoeleza matumizi ya kila mwondoko katika kupigana, kilitayarishwa na mwanafunzi wake Dong Yingjie. Inaelezwa kwamba lugha yake ilionekana ya mitaani mno, na nakala zikaondolewa sokoni. Mwaka 1934 kikatoka kingine, safari hii kwa msaada wa Zheng Manqing, kijana mchoraji, mshairi na tabibu aliyekuwa ameingia katika taichi kwa sababu ya kuugua kifua kikuu.

Dibaji ya kitabu hicho cha pili inastahili kusimuliwa. Ndani yake Yang Chengfu anaeleza kwamba utotoni alimwona babu yake Luchan akiwafundisha watu wa ukoo. Yeye, mtoto, akaudharau mchezo unaomwezesha mtu kumshinda adui mmoja tu. Baba yake mkubwa Banhou alipomwamuru ajifunze, alikataa. Baba akaghadhabika, babu akamtuliza, kisha akamweleza mjukuu kwa upole kwamba hafundishi ili watu wapigane. Anafundisha ili walinde miili yao, maana nchi inalia umaskini na haioni kwamba umaskini huo umezaliwa na udhaifu wa watu wake.

Ni simulizi tamu, yenye kasoro moja. Luchan alifariki mwaka 1872, miaka 11 kabla ya mjukuu huyo kuzaliwa. Mazungumzo hayo hayakuwahi kutokea. Wanahistoria wengi wanaona ndani yake mkono wa Zheng Manqing, na maneno yanayowekwa kinywani mwa mzee wa karne ya 19 ni ya wasomi wa miaka ya 1930, wakati Japani ilikuwa imekwisha kuiteka Manchuria na kila Mchina akijiuliza taifa litapona vipi.

Lakini uongo huo una ukweli wake. Mtu aliyekuwa akiligeuza lengo la elimu ya ukoo alihitaji ruhusa ya mwasisi, na kwa kuwa mwasisi alikuwa kaburini, ruhusa ikabuniwa. Katika kitabu kile kile, Chengfu hakuyaacha maelezo ya jinsi kila mwondoko unavyotumika dhidi ya adui. Afya ilikuwa lengo. Upiganaji ulibaki kuwa kipimo cha kama mtu anafanya sawasawa. Mwenye kutandaza mkono hewani bila kujua unazuia nini, mwili wake haupangiki vizuri, na hata hiyo afya hupungua.

Picha za vitabu vyake zinaonyesha mtu mnene sana, aliyevaa kanzu ndefu, amekaa katika kila mkao kama jabali. Ndizo picha zinazotazamwa na wanafunzi duniani kote. Ni picha hizo hizo zinazowapa wapinzani swali lisilo na jibu rahisi, yaani imekuwaje bingwa wa mazoezi ya afya akafariki akiwa na umri wa miaka 53 hivi. Alirudi Shanghai kutoka Guangzhou akiwa mgonjwa, na hakupona. Kaka yake Shaohou alikuwa ametangulia mwaka 1930. Mtu anaweza kusema tu kwamba zoezi moja halifuti uzito uliopita kiasi, na kwamba mwalimu na mafundisho yake si kitu kimoja.

Mafundisho yalisambaa bila yeye. Dong Yingjie aliyapeleka Hong Kong na Macau. Fu Zhongwen alibaki Shanghai, akaanzisha chama mwaka 1944 na kukipa jina la Yongnian, kwao na kwa mwalimu wake. Zheng Manqing alihamia Taiwan mwaka 1949, akafupisha mfululizo wa miondoko hadi 37, na katika miaka ya 1960 akaufundisha New York kwa vijana wa Kimarekani. Mwaka 1956 serikali ya China nayo ilitoa mfululizo mfupi wa miondoko 24, uliochotwa kutoka mtindo wa Yang, ukafundishwa shuleni, viwandani na hospitalini. Huo ndio unaoonekana zaidi bustanini. Madaktari nao wameuchunguza mchezo huu, na tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wazee wanaoufanya mara kwa mara huanguka mara chache kuliko wenzao. Ni ile ile elimu ya uzito na miguu.

Mwana wa tatu wa Yang Chengfu, Yang Zhenduo, alikuwa mtoto wa takriban miaka 10 baba yake alipofariki, na sehemu kubwa ya elimu aliipata kwa kaka zake. Aliishi Taiyuan, mkoani Shanxi, na kwa miongo kadhaa aliwafundisha maelfu ya watu, ndani na nje ya China, miondoko ile ile ya picha za mwaka 1934. Alifariki mwezi Novemba 2020. Mwezi uliofuata, UNESCO iliiingiza taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.