Bartholomäus Ziegenbalg, Mgeni wa Tranquebar

Wengi wetu tumekwisha kukaa katika nchi isiyo yetu, ama kwa kazi, ama kwa masomo, ama kwa kutumwa na usharika. Twajua jinsi moyo unavyofadhaika siku za kwanza. Chakula si kile tulichokizoea, salamu si ile. Wenyeji hucheka tusipoona cha kuchekesha, nao huchukizwa tusipojua tumekosa nini. Hapo mgeni husimama penye njia panda: aweza kuwadharau wenyeji, au aweza kujifunza kwao. Mwezi huu twapenda kusimulia habari za mtu mmoja aliyesimama penye njia panda hiyo zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Bartholomäus Ziegenbalg alizaliwa mwaka 1682 katika mji mdogo wa Pulsnitz, nchi ya Saxony huko Ujerumani. Wazazi wake walikufa angali mtoto, na mwili wake ulikuwa dhaifu tangu ujana hata mwisho wa maisha yake. Alisoma katika mji wa Halle, kwa mwalimu mashuhuri August Hermann Francke. Siku zile Frederick wa Nne, mfalme wa Denmark, alikuwa akitafuta watu wa kupeleka Injili katika mji wake wa biashara uliokuwa pwani ya Bara Hindi. Katika watu wake mwenyewe hakupata. Ndipo wakaitwa Wajerumani wawili, Ziegenbalg na mwenziwe Heinrich Plütschau. Wakapanda merikebu mwishoni mwa mwaka 1705, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na baada ya miezi saba na zaidi wakafika Tranquebar, tarehe 9 Julai 1706. Ziegenbalg alikuwa na umri wa miaka 23, akikaribia kutimiza 24.

Mshangao wa kwanza haukutoka kwa wenyeji, bali kwa Wazungu wenziwe. Liwali wa Kidenmark, jina lake Hassius, hakufurahi kuwaona. Aliogopa kwamba kazi yao itavuruga biashara. Wakaachwa wakingoja muda mrefu kabla ya kupokewa, wala hapakuwa na nyumba iliyotayarishwa kwa ajili yao. Hivyo barua ya mfalme waliyokuwa nayo mkononi haikuwafaa sana siku ile.

Mshangao wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Ziegenbalg alikuwa amefikiri, kama walivyofikiri wengi wa Ulaya, kwamba Watamili ni watu wasio na elimu, wala lugha yao haina kanuni. Tena hapakuwa na kitabu cha kumfundisha Mjerumani Kitamili. Wafanya biashara walitumia Kireno kilichochanganyika, nao waliona chatosha. Yeye hakuona kwamba chatosha. Alimwalika mwalimu mzee wa Kitamili alete shule yake nyumbani kwao. Basi kila siku mchungaji huyu aliyesoma Kiebrania na Kiyunani alikaa chini pamoja na watoto wadogo, akiandika herufi mchangani kwa kidole. Baadaye akampata mkalimani, Aleppa, aliyejua lugha kadhaa za Ulaya, akamfafanulia maana za maneno. Haukupita mwaka mzima, naye akaweza kusema na watu kwa lugha yao.

Alipoanza kuelewa maneno yao, alianza pia kusikia habari zake mwenyewe, wala hazikuwa tamu. Wazungu walikuwa wamekuja wakijiona safi na wenye hekima. Kumbe machoni pa Watamili wengi walikuwa watu wachafu, wala nyama ya ng'ombe, walevi, wasiooga kama ipasavyo, wenye majivuno na ukali kwa watumishi wao. Watu waliona ajabu kwamba wenye mwenendo kama huo wamekuja kuwafundisha wengine njia ya Mungu. Ziegenbalg hakuyaficha maneno hayo. Yeye na mwenziwe Gründler, aliyefika baadaye, waliwaandikia Watamili wenye elimu wakiwauliza juu ya dini yao na desturi zao, na juu ya maoni yao kwa Wakristo. Majibu yao, barua 99, yalifasiriwa Kijerumani na kupigwa chapa Halle, ili watu wa Ulaya wajione kwa macho ya wengine.

Lakini tusimfanye malaika. Katika siku zake za mwanzo alikuta mahali penye sanamu nyingi za udongo, naye kwa ukali wake akaziangusha baadhi yake na kuzikata vichwa. Mwalimu mmoja wa Kitamili akamweleza kwamba hizo hazikuwa miungu yenyewe, bali walinzi wao tu. Yaani mgeni alivunja kitu asichokijua hata jina lake. Twaona ya kuwa bidii bila maarifa huaibisha mwenye bidii.

Tangu hapo alizidi kutafuta maarifa. Alikusanya vitabu vya Kitamili vilivyoandikwa kwenye majani ya mivumo, na mwaka 1708 aliandika orodha yake, vitabu zaidi ya 100. Alifasiri pia mafundisho yao ya adabu, akakiri kwamba amekuta huko mwenendo mwema ambao Wakristo wengi wa kwao hawaufikii. Hakuacha kuhubiri kwamba Kristo ndiye njia. Ila aliacha kusema kwamba watu hawa hawana akili.

Mwaka huo huo wa 1708 ugomvi wake na liwali ulizidi, naye akafungwa katika ngome ya Dansborg kwa muda wa miezi minne. Alipotoka, hakukata tamaa. Mwaka 1711 akamaliza kufasiri Agano Jipya kwa Kitamili. Likapigwa chapa Tranquebar katika miaka ya 1714 na 1715, kwa mtambo ulioletwa na marafiki wa Uingereza na herufi zilizotoka Halle.

Mwaka 1713 alimaliza kitabu kikubwa juu ya miungu ya Watamili, akakipeleka Halle. Francke, mwalimu wake mpenzi, akakataa kukipiga chapa. Aliona kwamba mjumbe wa Injili ametumwa kuung'oa upagani, si kuwaeleza watu wa Ulaya mambo yake. Kitabu kikakaa miaka mingi, kikapigwa chapa Madras mwaka 1867. Bila shaka neno hilo lilimwuma sana. Alikuwa ameacha kwao ili kujifunza ugenini, na sasa watu wa kwao hawakutaka kusikia aliyojifunza.

Mwisho wa mwaka 1714 alisafiri kwenda Ulaya, akifuatana na kijana mmoja Mtamili. Safarini aliandika sarufi ya Kitamili, iliyopigwa chapa Halle mwaka 1716. Alimwoa Maria Dorothea Salzmann, akarudi naye Tranquebar. Mwaka 1718 kanisa jipya, Yerusalemu Mpya, likawekwa wakfu. Nalo lasimama hata leo. Lakini wakuu wa misheni huko Copenhagen walimwandikia barua kali, wakilaumu majengo na matumizi ya fedha. Mwili wake uliokuwa umechoka haukustahimili tena. Akafa tarehe 23 Februari 1719, mwenye umri wa miaka 36, akazikwa katika kanisa lile. Agano la Kale alikuwa amelifasiri mpaka kitabu cha Ruthu, wengine wakaendelea.

Habari hizi si za mbali nasi kama zionekanavyo. Katika karne ya 19 kazi ya Tranquebar ilishikwa na Misheni ya Leipzig, nayo ndiyo iliyowatuma wajumbe wake Kilimanjaro mwaka 1893.

Basi, mwalimu uliyetumwa kwa kabila lisilo lako, nawe ndugu unayekwenda ng'ambo kusoma, mkumbukeni mtu huyu. Mioyo yetu ikifadhaika ugenini, si dhambi. Kila mgeni hupatwa na hayo. Ila tujihadhari tusiifanye fadhaa yetu kuwa hukumu juu ya wenyeji. Tuulize kwanza maana ya jambo kabla ya kulicheka au kulivunja. Tukubali pia kusikia wanavyotuona, hata ikituuma. Ziegenbalg alikwenda kufundisha, akaanza kwa kuketi mchangani pamoja na watoto. Nasi tusione haya kuketi hapo.